Majuto ya Mfalme, Hukumu ya Brussels



Tarehe 2 Desemba 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliitia hatiani serikali ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Walioshtaki ni wamama watano, leo ni bibi wazee: baba zao Wazungu, mama zao Wakongo. Hawajafikisha hata miaka saba, serikali ya mkoloni iliwanyang'anya mama zao na kuwapeleka misheni ya Katende, kule Kasai, kwa sababu ya rangi tu. Uhuru ulipokuja, wakaachwa hukohuko. Mahakama iliagiza kila mmoja alipwe euro 50,000.

Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa akasema anajuta sana. Kuomba msamaha, hakuomba. Desemba ya mwaka huohuo, kamati ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza ukoloni kwa zaidi ya miaka miwili ikavunjika juu ya msamaha huohuo. Wabunge waliopinga waliogopa kwamba anayeomba msamaha atadaiwa. Kumbe deni wanalijua!

Wengine watasema hayo ni ya mababu, mlipa kodi wa leo amekosa nini? Lakini serikali haifi na watu wake. Imerithi majengo na hazina, irithi na madeni. Tena wale bibi walikuwa hai hukumu ilipotolewa.

Na sisi wa huku Manguredjipa, Butembo na Beni? Tervuren, pembeni mwa Brussels, jumba la makumbusho ya Afrika linatunza ramani na madaftari ya wapimaji wa madini wa wakati wa mkoloni. Kijana wetu kwenye mashimo ya dhahabu anachimba kwa kubahatisha, kumbe siri za milima ya Kongo ziko kabatini Ulaya. Zirudishwe, kwa hilo hakuna haja ya kwenda mahakamani.

Ila tusijidanganye: fidia ikipitia serikalini inaweza kupotea njiani. Uganda iliamriwa mwaka 2022 kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Mwaka 2025, aliyekuwa waziri wetu wa sheria alihukumiwa katika kesi ya dola milioni 19 zilizotoka kwenye mfuko wa fidia wa wahanga wa vita hiyo.

Kwa hiyo Ubelgiji ilipe, lakini ilipe kama ilivyoamriwa kwa wale bibi watano: mtu kwa jina lake. Wabunge wetu wa Lubero na Beni, mkiwa Kinshasa, lidaini hilo.