Maneno kwa Wanunuao Mashua Kuukuu

Mabwana wenye vyombo, wengi hudhani ya kuwa maji ya bahari ndiyo yaozeshayo mbao. Sivyo. Chumvi huzuia ukungu uozeshao mti; maji ya mvua, yatuamayo mahali pasipopita upepo, ndiyo adui. Basi anunuaye mashua kuukuu asiridhike na ubavu uliopakwa sifa na deheni mpya, maana mafuta huficha mengi.

Na aingie ndani, ateke maji ya ngama, kisha apekue chini ya mlingoti, vichwa vya mataruma, na pembe za tezi. Agonge kwa mpini wa nyundo: ubao mzima hulia, mbovu hutoa sauti nzito. Achome kwa ncha ya kisu. Kikizama bila nguvu, mti umekufa. Kwenye mkuku atafute vitundu vya wadudu wa baharini: nje ni kama ncha ya sindano, ndani ni sega tupu.

Ubao mmoja hubadilishwa. Lakini mataruma mengi yakiwa yameoza, kalafati haikai, kwa kuwa mbao huchezacheza chombo kipigwapo na mawimbi, na pamba hutoka. Chombo cha namna hiyo kisipakie watu wakati wa kusi, hata mwenyewe akiapa ya kuwa hakivuji bandarini.