Maji Yasituame Juu ya Turubai
Ndugu msikilizaji uliye Nyarugusu, mvua zimeanza. Kabla hujalala leo, tazama paa lako. Turubai likilegea hubonyea, na maji hutuama. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Dimbwi la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha sentimita 5 tu, ni kilo 50: mfuko mzima wa saruji juu ya watoto waliolala! Limeshajaa? Watoe watoto kwanza. Usilitoboe, litavuja msimu wote. Inua nguzo ya kati, ncha yake uifunge kitambaa isichane turubai, kisha kaza kamba. Na mfereji usiuelekeze mlangoni kwa jirani. Ugomvi huo tunaujua.