Maeneo ya Ng'ambo na Mipaka ya Nchi: Tusahihishe Vipi?

Mada kwa semina ya walimu wa Jiografia na Historia, Kamukuywa



Waandaaji waliniomba nizungumzie mipaka ya kimataifa, maana na aina zake. Maana mnaijua: mpaka ni mstari unaotenga mamlaka ya nchi moja na ya nyingine. Kuna mipaka ya kimaumbile, kama mito ya Suam na Lwakhakha huku kwetu, na kuna ya kuchorwa kwa rula, kama ule unaotoka Ziwa Viktoria ukapinda Kilimanjaro hadi baharini. Kwa nchi kavu Kenya inapakana na Uganda, Tanzania, Ethiopia, Somalia na Sudan Kusini. Hayo yanatosha.

Muda uliobaki nautoa kwa swali moja ambalo limenisumbua tangu nianze kusahihisha mitihani ya pamoja. Je, eneo la ng'ambo huhesabiwa tunaposema nchi fulani inapakana na nyingine?

Mwaka mmoja tuliuliza: "Taja nchi nne zinazopakana na Ufaransa." Msichana mmoja aliandika Uhispania, Italia, Ujerumani na Brazili. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na nchi za Ulaya tu, nami nikalikata jibu la nne kwa kalamu nyekundu. Alinifuata ofisini na atlasi mkononi, kidole kikiwa juu ya mto Oyapock. Nilimjibu kwamba mwongozo ndio sheria. Jibu hilo lingali linanikaa kooni.

Yule mtoto alikuwa sahihi. Guyana ya Ufaransa ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946. Wakazi wake huchagua wabunge wa kukaa Paris na hununua mkate kwa yuro. Mpaka wake na Brazili una kilomita 730 hivi, mrefu kuliko ule wa Ufaransa na Uhispania. Mwaka 2017 daraja la Oyapock lilifunguliwa. Ukilivuka kutoka ng'ambo ya Brazili, unakanyaga Ufaransa.

Msikimbilie basi kusema kila eneo la ng'ambo lahesabiwa. Gibraltar iko chini ya bendera ya Uingereza, lakini kwa sheria ya Uingereza yenyewe si sehemu ya nchi hiyo. Azimio 2625 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 1970, linasema koloni lina hadhi yake, mbali na ya nchi inayolitawala. Mwanafunzi akiandika kwamba Uhispania inapakana na Uingereza, mwulize anakusudia nini kabla ya kumkata. La kutazama si umbali wala bahari iliyo katikati. La kutazama ni kama eneo limeingizwa ndani ya nchi au linatawaliwa tu.

Pagumu zaidi ni karibu nasi. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyeji hukiita Maore, kikabaki mikononi mwa Ufaransa. Mwaka 1976 Baraza Kuu lililaani hatua hiyo; mwaka 2011 Ufaransa ikakifanya mkoa wake. Kwa ramani ya Paris, Ufaransa ni jirani wa Komoro baharini. Kwa ramani ya Moroni, jirani huyo ni mvamizi. Si kazi ya semina hii kuamua mgogoro huo, lakini ni wajibu wetu kumwonyesha mwanafunzi ramani zote mbili.

Wala jambo hili si geni kwetu. Hadi 1963 ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Zanzibar, nchi ya visiwa, ilipakana na Koloni ya Kenya kwa nchi kavu! Omani nayo ilipakana na Pakistani kwa sababu ya Gwadar, hadi ilipouza mji huo mwaka 1958. Na mipaka yenyewe huhama: hapa tulipokaa palikuwa Uganda hadi 1902. Mtoto aliyezaliwa kando ya mto Kamukuywa mwaka 1900 alizaliwa Uganda, akazeekea Kenya bila kuhama boma.

Napendekeza kila swali la mipaka litaje bara au liseme wazi kama maeneo ya ng'ambo yamo. Mwongozo wa kusahihisha uruhusu jibu lenye ushahidi wa atlasi. Walimu tufundishe tofauti ya eneo lililoingizwa ndani ya nchi na koloni. Historia ya ukanda wa pwani na ya mpaka wetu na Uganda ifundishwe pamoja na Jiografia, kwa kuwa mengi yanayowakanganya wanafunzi yamo humo. Panapo mgogoro, kama Maore, tusidai jibu moja. Kamati ya mtihani ipitie maswali ya zamani ya aina hii. Na narudia, kwa sababu hili ndilo lililonileta: swali litaje bara, na mwongozo usiwe juu ya atlasi.

Mabadiliko haya hayahitaji fedha wala kibali cha Nairobi. Naomba kila mkuu wa somo aliyepo alete mwongozo wa shule yake tuupitie pamoja kabla ya mtihani wa muhula ujao.