Maumivu ya Kisogo Yanayochoma Kama Umeme

Leo tutazungumza juu ya maumivu ya kisogo.

Kichwa kikiuma, wengi wetu husema ni malaria au presha, kisha tukameza dawa ya dukani. Lakini yako maumivu ya namna nyingine. Huanzia pale shingo inapokutana na kichwa, yakapanda kisogoni hadi utosini, na mara nyingine hadi nyuma ya jicho. Huja ghafla, yakachoma kwa sekunde au dakika chache, kisha yakatulia. Ngozi ya kichwa hubaki na uchungu, hata kuchana nywele au kulalia mto huwa taabu.

Chanzo ni mishipa ya fahamu inayotoka katika pingili za juu za shingo na kupita kati ya misuli kwenda kisogoni. Mishipa hiyo hubanwa au kuumia kwa sababu ya misuli iliyokaza, kuinamisha shingo muda mrefu, ajali, au ugonjwa wa viungo vya shingo. Mara nyingi chanzo hakijulikani.

Daktari hutambuaje? Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ugonjwa huu. Atakuuliza maumivu yanaanzia wapi na yanakuja vipi, kwa hivyo mweleze vizuri. Atabonyeza kisogo aone kama panauma. Huenda akadunga sindano ya ganzi karibu na mshipa. Maumivu yakitulia, hiyo ni ishara muhimu. Picha za shingo au kichwa hupigwa ili kutafuta magonjwa mengine.

Nyumbani, kanda shingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na upumzike. Badala ya kubeba mzigo mmoja mzito, ugawe uende mara mbili.

Lakini mama, dalili hizi hazingoji kesho. Homa pamoja na shingo kukakamaa huenda ikawa homa ya uti wa mgongo, kwa mtoto hata kwa mtu mzima. Maumivu makali ya ghafla kuliko yote uliyowahi kupata, au kulegea upande mmoja wa mwili, ni hatari. Na ikiwa una mimba au umejifungua majuzi, kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, huenda presha imepanda. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mweleze na jirani yako. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.