Mtoto Yuko na Nani?

Somo letu la leo latoka katika Injili ya Luka, mlango wa 2, kuanzia mstari wa 41 hadi wa 51. Aliye na Biblia karibu na aifungue.

Mwaka 2022, siku ya Jumatatu ya Pasaka, tulitoka Mombasa mjini jamaa mbili, yetu na ya jirani tunayeabudu naye kanisa moja, tukaenda Diani kutwa nzima ili watoto wapate kuburudika. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulivuka Likoni kwa feri mapema, tukapanda matatu hadi Ukunda, na kabla ya saa tatu watoto walikuwa wamekwisha kuvua viatu. (Kima wa Diani hawana haya. Ndizi zetu zilikwenda kabla hatujaketi.)

Ninyi wa pwani mwajua, lakini ndugu zetu wa bara huenda hawajui, ya kwamba mwezi ukiwa mpevu bahari huwa na bamvua. Mwaka ule mwezi ulijaa Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Basi Jumatatu maji yalikupwa sana, na karibu saa tano mtu aliweza kutembea juu ya mchanga na mawe akaenda mbali kuelekea mwambani, akitazama kaa na viti vya pweza. Lakini maji yanaporudi hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, nawe ungali umesimama juu ya fungu la mchanga, miguu mikavu, waona mambo ni salama.

Saa saba tuliketi kula. Mama watoto akapakua pilau, sahani moja ikabaki. Kitinda mimba wetu, wa miaka saba, hakuwapo. Mimi nilidhani yuko na mama yake. Mama yake alidhani yuko nami. Jirani na mkewe walidhani yuko na watoto wao, na watoto wao walidhani amerudi kula. Watu wazima wanne, na hapana hata mmoja aliyemwona tangu saa tano.

Sitaeleza sana jinsi nilivyokimbia. Mtu haijui sauti yake mpaka alipoita jina la mtoto wake huku akitazama maji.

Tulimkuta upande wa kusini, penye ngalawa, ameketi na mzee mmoja mvuvi, nguo zimelowa hadi kifuani. Mzee alikuwa akirudi kutoka mwambani akamwona peke yake juu ya fungu, maji yamekwisha kumzunguka, akambeba begani. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Baba, huyu alikuwa na nani?"

Swali hilo sikuweza kulijibu, na hunirudia kila nisomapo mlango huu wa Luka. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wametoka katika sikukuu ya Pasaka, pamoja na jamaa na rafiki wamchao Mungu, na njia ya kurudi Nazareti ilizidi kilomita 100. Walikwenda mwendo wa siku nzima ndipo wakaanza kumtafuta. Naona wema wa msafara wenyewe ndio uliowatuliza. Kama wangalisafiri na watu wasiowajua, wangalimshika mkono.

Ndugu yangu, nauliza kwa upole, maana najiuliza mwenyewe. Baba adhani mwalimu wa Shule ya Jumapili amekwisha kumfundisha mtoto kuomba. Mwalimu adhani amefundishwa nyumbani. Mama hana wasiwasi juu ya kijana wake, kwa kuwa yumo katika kwaya. Mchungaji aona mabenchi yamejaa vijana, ashukuru. Na kijana mwenyewe, ni nani aliyemwuliza?

Mimi nilimwuliza wangu jioni ile, tukiwa ndani ya feri. Kusema kweli nilitaka kumkaripia. Nikamwambia, "Kwa nini ulikwenda mbali hivyo bila kutuambia?"

Akanitazama kwa mshangao. "Baba, nilikuwa nawapungia mkono. Nilidhani mnaniona."

Mama yake aligeuka akatazama maji. Mimi nilimshika mkono, na sikumwachilia mpaka tulipofika mlangoni petu.