Kupe na Inzi Hufungua Mlango, Mvua Huingiza Ugonjwa

(Mazungumzo ya mtaalamu wa mifugo na wafugaji penye josho, kabla ya mvua za masika)

Sitawaweka sana, maana mifugo inasubiri maji.

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa ngozi unaoturudia kila masika. Kwa macho mnaujua. Nywele za ng'ombe zinasimama na kugandana vishungi vishungi, kama brashi ya rangi iliyokauka. Ukivuta kishungi kimoja kinatoka na kigaga, na chini yake ngozi ni mbichi, nyekundu, ina usaha. Kitaalamu unaitwa dematofilosisi. Bakteria anayeuleta alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 na mtaalamu aitwaye Van Saceghem, kutokana na ng'ombe wa Kongo, na ndiyo maana jina lake ni Dermatophilus congolensis. Sisi hapa tuuite tu ugonjwa wa vigaga.

Kosa langu mwenyewe

Nianze na kosa langu. Zamani, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, mama mmoja aliniita nimtazamie ng'ombe wake. Ndiye pekee aliyekuwa akikamuliwa katika boma lile. Mgongo wote ulikuwa vigaga. Nikamchoma sindano, nikamwambia mama, "Atapona," nikaondoka. Kweli alianza kupona. Baada ya wiki chache mvua ikazidi, vigaga vikarudi, tena vibaya kuliko mwanzo. Nikachoma tena. Mara ya tatu yule ng'ombe alikuwa amebaki mifupa. Mama akampeleka mnadani, akauzwa kwa bei ya kutupa, na watoto wakanywa uji mkavu msimu mzima.

Dawa ilikuwa ya kweli na kipimo kilikuwa sahihi. Ila sikuinua mkia, wala sikutazama kwenye kiwele na mapajani. Kupe walikuwa wamejaa. Nilitibu kidonda, nikamwacha anayekifungua.

Ugonjwa unaingiaje?

Bakteria huyu hukaa ndani ya vigaga. Kiangazi amelala, na katika kigaga kikavu anaweza kuishi miezi mingi. Kigaga kikilowa maji anaamka, na anatoa vijidudu vidogo sana vyenye mikia ambavyo huogelea kwenye unyevu wa ngozi vikitafuta pa kuingilia. Lakini ngozi nzima, kavu, yenye mafuta yake ya asili, si rahisi kuipenya. Anahitaji mlango.

Mlango unafunguliwa na nani? Miiba huchana ngozi. Mvua ya siku nyingi huilainisha na kuondoa mafuta yake. Lakini wafunguaji wakubwa ni kupe na inzi wanaouma.

Kupe wa rangi

Kupe si mdudu wa jamii ya inzi. Ana miguu minane, ni ndugu wa buibui. Ila katika ugonjwa huu lazima tumtaje kwanza. Namsema yule mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni na pete pete miguuni. Mdomo wake ni mrefu na jeraha lake ni la kina. Anapenda nyama inayoning'inia chini ya shingo, kidari, kwapa, mapaja, kiwele, korodani na chini ya mkia.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililonipita mimi siku ile. Kupe anaweza kuwa kwenye kiwele na vigaga vikatokea mgongoni. Mtu anasema, "Mgongoni hakuna kupe, basi kupe hahusiki." Anahusika. Mate yake yanapunguza nguvu ya mwili wa ng'ombe kupambana na ugonjwa huu, hata mahali ambapo kupe hayupo. Ndiyo maana sindano inaponya nusu, kisha ugonjwa unarudi. Kupe huyu huyu pia huleta ugonjwa wa moyo kujaa maji, kwa hiyo ukimwondoa umeokoa mara mbili.

Inzi

Inzi tunawagawa mafungu mawili. Wa kwanza ni wanaouma: pange, na inzi wa zizini. Inzi wa zizini anafanana na inzi wa nyumbani, ila mdomo wake umechongoka na kuelekea mbele kama sindano. Dume na jike wote hunyonya damu. Ukiona ng'ombe anapiga piga miguu chini na kuchapa mkia bila kupumzika, tazama miguuni, utamkuta. Huyu anatoboa ngozi na pia anabeba. Akifukuzwa kabla hajashiba anahamia ng'ombe wa pili na mdomo uliochafuka.

Wa pili ni inzi wa kawaida. Hana meno, lakini hutua kwenye kidonda kibichi, akanywa usaha, kisha akaenda kutua kwenye mchubuko wa ndama. Majaribio ya maabara ya miaka ya 1960 yalionyesha kwamba inzi wa nyumbani na inzi wa zizini wote wanaweza kuuhamisha ugonjwa huu. Bakteria hazaliani ndani ya inzi. Inzi ni kama sindano chafu tu: hubeba kutoka hapa na kuacha pale.

Usichanganye magonjwa

Kabla ya kununua dawa, tazama vizuri. Upele wa utitiri humwasha mnyama sana, anajikuna kwenye miti usiku na mchana. Ugonjwa wa vigaga kwa kawaida hauwashi hivyo. Mashilingi huwa duara, makavu, mara nyingi usoni mwa ndama. Ugonjwa wa mapele ya ngozi huanza ghafla na homa, na vinundu vigumu hutokea mwili mzima. Huo ni wa virusi, nao pia hubebwa na wadudu wanaouma. Ukiuona, toa taarifa siku hiyo hiyo, kwa sababu kinga yake ni chanjo. Ukiwa na shaka, mtaalamu achukue kigaga akakipime kwa hadubini.

Tufanye nini?

Kwanza, kagua mifugo sasa, kabla ya mvua. Inua mkia, shika kiwele, tazama kwapani. Mwenye vigaga mtenge.

Pili, tibu mapema. Dawa ni oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ile inayokaa mwilini muda mrefu. Kipimo ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, ndani ya msuli. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25, nazo zigawanywe sehemu tofauti, zisizidi 10 mahali pamoja. Ukimpa mililita 10 kwa sababu dawa ni ghali, umepoteza hela na umemfundisha bakteria kuizoea dawa. Soma kwenye chupa siku za kutokunywa maziwa na kutokula nyama, uziheshimu.

Tatu, ogesha kwa utaratibu. Uliza josho lina dawa gani. Dawa za jamii ya sipamethrini na deltamethrini huua kupe na pia hupunguza inzi. Amitrazi ni nzuri kwa kupe, lakini kwa inzi haisaidii. Ogesha asubuhi ya jua. Wakitoka joshoni wasisongamane wakiwa wamelowa, maana kugusana huko ni njia nyingine ya kuambukizana. Waache watawanyike wakauke. Wanyunyiziaji wa pampu, msiishie mgongoni. Dawa ifike mapajani, masikioni na chini ya mkia.

Nne, wanyime inzi pa kuzaliana. Inzi wa zizini hutaga kwenye majani yanayooza yaliyochanganyika na samadi na mkojo. Ondoa samadi zizini, uichimbie mifereji maji yaondoke. Penye matope mengi, hamisha boma kwenye mwinuko. Moshi wa jioni waliotufundisha wazee wetu uendelee, maana unawafukuza wanaouma.

Tano, vigaga usivibandue kwa kisu. Vilainishe kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, vitoke vyenyewe, kisha vikusanye na kuvichoma moto. Kigaga kilichotupwa zizini ni mbegu ya masika ijayo. Vaa glovu au mfuko wa nailoni mikononi, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kumpata binadamu pia, ukatoa vipele mikononi. Anayekamua anawe kwa sabuni, na ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho.

Najua mtu atauliza, "Mvua tutaizuiaje?" Mvua hatuizuii, na hatuitaki izuiwe, maana ndiyo majani yetu. Lakini kupe tunamweza, na samadi ya inzi tunaiweza. Ng'ombe mwenye ngozi nzima hunyeshewa akakauka, akaendelea na malisho.

Yule mama alipata ng'ombe mwingine baadaye. Siku hizi nikifika bomani kwake, kabla sijafungua mkoba, ananiambia, "Inua mkia kwanza." Nami nawaachia neno hilo hilo. Sasa nileteeni wale wenye vigaga tuwatazame pamoja.