Mtu wa Kwanza Kuambiwa: Msaada kwa Wanaokimbia Ukatili Tarime na Serengeti



Shule zikifungwa Desemba, hasa mwaka ambao koo zimetangaza msimu wa tohara, wasichana wetu huanza kukimbia ili wasikeketwe. Wapo wanaofika Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, chini ya shirika aliloanzisha Rhobi Samwelly, na wapo wanaofika Kituo cha Masanga, Tarime. Vituo hivi vimeokoa watoto wengi. Mimi leo nataka tumzungumzie yule anayekutana na msichana kabla hajafika huko.

Chukulia mwalimu wa shule ya msingi. Saa mbili usiku anabishiwa hodi. Ni mwanafunzi wake wa darasa la sita, kandambili iko mguu mmoja tu, sare ameikunja ndani ya kiroba. Amemsikia bibi yake akipanga siku na ngariba. Mwalimu anaingiwa na hofu, na hofu yake ina msingi: wazee wa ritongo, baraza la mila, wanamfahamu, na kesho atachota maji kisima kimoja na mama wa mtoto huyu. Wengi hapo huamua kumpigia baba "tuyazungumze kwanza". Simu hiyo ndiyo inayomrudisha mtoto kwa ngariba. Apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au afisa ustawi wa jamii. Mtoto ale, alale ndani, wala asihojiwe usiku kucha.

Na si wasichana tu wanaobisha hodi. Kwa mama aliyepigwa na mumewe, jibu letu limezoeleka mno: vumilia, lea watoto. Anayesema hivyo hajamsaidia. Mama apelekwe polisi akapewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo alizovaa, na afike hospitali haraka, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asiachwe aende peke yake. Kuna wanaogeuka njiani kwa kukosa nauli ya bodaboda au kwa kumwona shemeji kituoni.

Tukirudi kwenye ukeketaji, sheria nayo ina pengo. Tangu 1998 Kanuni ya Adhabu inaweza kumfunga miaka 5 hadi 15 anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Bibi harusi wa miaka 19 anayeshinikizwa na wakwe akeketwe, asije akaitwa msagane, yaani asiyekeketwa, hakutajwa. Ng'ambo ya Sirari, sheria ya Kenya ya 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote. Yetu ibadilishwe.

Kipindi kinachonitia wasiwasi zaidi ni Januari, wasichana waliokimbilia vituoni wanaporudishwa nyumbani. Wazazi huitwa, hushauriwa, husaini mbele ya ustawi wa jamii na polisi kwamba binti hatakeketwa, kisha anarudi nyumbani. Saini bila mtu wa kwenda kubisha hodi hailindi kitu, kwa kuwa ng'ombe wa mahari bado wanasubiriwa na shangazi bado wanamnunia. Na hatari kwetu ni kubwa: utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha wanawake 28 kati ya kila 100 wa Mara wamekeketwa, na 8 kwa nchi nzima.

Naomba kila mtendaji wa kijiji aliyemo humu ateue watu wawili, mmoja mwanamke, wa kumtembelea kila binti aliyerudi, na awakabidhi nauli.